Je, Benki Zilazimishwe Kutoa Taarifa za Mteja Akitaka?

MFANYABIASHARA: Naanza mimi, kwa sababu taarifa mnazozigombania ni zangu. Nauza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Wateja wangu karibu wote wanalipa kwa simu. Jioni pesa nazihamishia benki, alfajiri nazitoa kwenda kununua robota jipya. Benki yangu imeyaona hayo miaka nenda miaka rudi. Nilipoomba mkopo niongeze mzigo wa sweta kabla ya baridi ya Juni, nikaulizwa hatimiliki ya shamba. Shamba sina. Nikaenda benki ya pili, nako wakasema hawanijui: nifungue akaunti, nikae miezi sita waniangalie. Sasa nauliza, ile miaka yote iliyoko benki ya kwanza ni mali ya nani?

MWANABENKI: Ni yako, Mama, wala hakuna anayebisha. Ukitaka taarifa ya akaunti unapewa siku hiyo hiyo.

MFANYABIASHARA: Napewa kwa kulipia kila ukurasa. Nikiipeleka kule kwingine wanaigeuzageuza, wanaukagua muhuri, wananiuliza kama sikuipikia kwa waghushi wa River Road.

MWENYE PROGRAMU: Umenitangulia kwa hoja, Mama. Kinachoitwa benki wazi ni hicho tu: wewe ukisema kampuni fulani ione miamala yako ya mwaka uliopita, benki yako inalazimika kuionyesha, kompyuta kwa kompyuta, bila karatasi na bila River Road. Ukiondoa ruhusa, njia inafungwa. Uingereza inafanya hivyo tangu Januari 2018, baada ya mamlaka ya ushindani ya huko kuona kwamba benki kubwa za zamani zimebweteka, hazimhangaikii mteja kwa kuwa zinajua hahami. Tisa ziliamriwa kufungua. Kufikia 2024 watumiaji walikuwa wamevuka milioni 10. Benki Kuu ya Nigeria nayo ilitoa mwongozo mkuu 2021 na kanuni za utekelezaji 2023. Kenya, iliyoanza M-Pesa 2007 hadi dunia ikaja kujifunza hapa, haina sheria mahususi inayoibana benki kufanya hivyo.

MWANABENKI: Uingereza unaisimulia nusu. Malizia basi: gharama za kile chombo cha kusimamia viwango zilibebwa na benki zile zile tisa, na waliokuja kuvuna ni kampuni ambazo hazikuchangia hata peni. Turudi hapa kwetu. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2024 inataka mtaji wangu wa msingi utoke shilingi bilioni 1 ufike bilioni 10 ifikapo 2029. Amana za mteja zina bima, alipwe hadi shilingi 500,000 benki ikianguka, na bima hiyo nailipia mimi. Kila akaunti naichunguza isije ikatumiwa kusafisha fedha haramu. Miamala ya Mama anayoitaka huyu bwana haikujiandika yenyewe. Imeandikwa na mitambo niliyonunua na watu ninaowalipa mshahara. Leo niigawe bure kwa mtu mwenye kompyuta mbili na sofa ya rangi?

MWENYE PROGRAMU: Kompyuta tisa. Na leseni ya Benki Kuu ya kukopesha kidijitali, ambayo tangu kanuni za 2022 si kila aombaye huipata: maombi yamepita 700, na waombaji wengi bado wanasubiri. Mtaji wa mabilioni sihitaji kwa sababu sipokei amana ya mtu. Nikianguka, naanguka na hela zangu na za walioniamini wakawekeza.

MWANABENKI: Ndivyo ilivyosemwa Marekani pia. Synapse ilikuwa kampuni ya katikati: upande mmoja programu za simu zenye majina matamu, upande wa pili benki halisi zenye leseni. Watu wakaweka akiba kupitia programu wakiambiwa pesa ziko benki na zina bima. Aprili 2024 Synapse ikaomba kufilisika. Hesabu za nani ana kiasi gani zilikuwa kwake, na zilipolinganishwa na za benki hazikukubaliana. Watu zaidi ya 100,000 wakafungiwa pesa zao, na msimamizi aliyewekwa wakati wa ufilisi akakadiria pengo la dola milioni 65 hadi 96. Bima ya serikali haikuwalipa, kwa sababu benki haikuwa imeanguka; aliyeanguka ni wa katikati. Na ushirikiano huo ulikuwa na mikataba, nembo, na picha za watu wakipeana mikono.

MWENYE PROGRAMU: Synapse ilikuwa inashughulikia pesa. Mimi naomba kusoma tu.

WAKILI: Hilo "tu" ndilo linalonifanya nisimame. Kusoma kumeshawaharibia watu maisha. Kesi tunayofundishwa wote ni ya Tournier, imo kwenye ripoti za sheria za Uingereza za 1924, na mahakama zetu bado zinaitaja. Bwana Tournier alikuwa na deni dogo benki, akaahidi kulipa kidogo kidogo kila wiki, akakwama. Meneja akampigia simu mwajiri wake akitafuta anwani ya nyumbani, na katika mazungumzo akadokeza kwamba akaunti iko chini ya sifuri na kwamba jamaa anaonekana kucheza kamari. Mkataba wake wa kazi ulipokwisha hakuongezewa. Mahakama ya Rufaa ikasema benki ina wajibu wa kutunza siri ya mteja, na wajibu huo hauondoki ila kwa mambo manne: sheria ikilazimisha, wajibu kwa umma, maslahi ya benki yenyewe, au ridhaa ya mteja. Karne moja baadaye, hapa Kenya, kampuni za mikopo ya simu zikawa zinafanya alichofanya meneja yule. Mdaiwa akichelewa siku chache, anapigiwa mama mkwe, anapigiwa mwenyekiti wa chama, anapigiwa bosi.

MFANYABIASHARA: Mimi alipigiwa mchungaji.

WAKILI: Na kwa maandishi ulikuwa umekubali. Ulipopakua ile programu, kioo kilikuuliza: iruhusu ifikie majina yako? Iruhusu isome ujumbe wako? Ukabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu.

MFANYABIASHARA: Nilikuwa kwenye matatu, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Ningebonyeza hata mara ishirini.

MWENYE PROGRAMU: Sitawatetea wale. Ila muulize kwanza ni kwa nini walienda kwenye meseji. Meseji ya M-Pesa ina kila kitu: kiasi, jina la aliyetuma, tarehe, saa, salio lililobaki. Mkopeshaji aliyekosa njia rasmi alijua akiisoma meseji amesoma maisha ya mtu. Google ilipozikataza programu za mikopo kugusa orodha ya majina na picha kuanzia mwisho wa Mei 2023, hamu ya taarifa haikuisha. Wapo wanaomwambia mteja aombe faili la miamala yake ya M-Pesa, awatumie pamoja na namba ya kulifungulia. Faili zima, kila jina lililowahi kumtumia au kutumiwa, limo kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua, na hakuna kitufe cha kulirudisha. Kwa hiyo mnaponiambia tusifungue taarifa za wateja, mnachelewa. Zimefunguliwa zamani, kwa njia mbaya kuliko zote.

WAKILI: Hapo nakubaliana nawe, na sikupenda kukubaliana.

MWANABENKI: Mimi sikubali. Wakosaji wapo, dawa yao ni adhabu. Mbona mzigo wao nibebeshwe mimi?

WAKILI: Adhabu ipo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine. Muulize Mama kama mchungaji ameshasahau.

MWANABENKI: Basi tuzungumze njia ya tatu, ambayo inafanya kazi tayari. Ushirikiano wa hiari. Benki ina mtaji, kampuni ya teknolojia ina wepesi. Wakae mezani, waandikiane mkataba, kila mtu ajue wajibu wake. M-Shwari ilizaliwa hivyo Novemba 2012, benki ya CBA na kampuni ya simu ya Safaricom. KCB M-Pesa ikafuata 2015. Fuliza Januari 2019, benki mbili nyuma yake. Watu ambao hakuna meneja wa mkopo angewatazama mara mbili walipata mkopo wao wa kwanza wa benki kupitia simu, bila mdhamini, bila hatimiliki. Hakuna sheria iliyomlazimisha mtu. Benki ya Equity ina lango lake la watengenezaji programu, Safaricom wana Daraja tangu 2017. Kijana mwenye wazo anajiunga. Nionyesheni tatizo liko wapi.

MFANYABIASHARA: Tatizo? Asilimia 7.5 kwa mwezi kwenye M-Shwari.

MWANABENKI: Ile ni ada ya huduma, Mama.

MFANYABIASHARA: Najua mlivyoiita. Bunge lilipobana riba 2016, benki zikaambiwa zisizidishe asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mimi nikafurahi, nikasema sasa na mikopo ya simu itashuka. Haikushuka hata senti, kwa kuwa ilikuwa ada, na ada si riba. Kwa ada hiyo, ukichukua elfu kumi, mwezi ujao unarudisha elfu kumi mia saba na hamsini. Ukifanya hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa elfu tisa kwa kukaa na elfu kumi zile zile. Kijana anayenibebea marobota anajua hesabu hiyo na hakumaliza shule.

MWENYE PROGRAMU: Na hiyo bei ilikaa pale kwa sababu aliyekuwa na taarifa zako alikuwa mmoja, na aliwapa aliotaka. Ushirikiano wa hiari anaousifu mwenzangu ni wakubwa wawili kukubaliana. Taarifa zako zilitoka kwenye simu zikaenda benki kukupima, wewe hukuchagua ziende benki gani. Zikiweza kwenda kokote utakako, watu kumi watakupigia hesabu, na bei itashuka.

MFANYABIASHARA: Wewe utanitoza ngapi?

MWENYE PROGRAMU: Inategemea na hatari ya kila mteja.

MFANYABIASHARA: Mimi. Miaka yote hiyo umeisoma, imekupendeza. Elfu hamsini, miezi mitatu. Ngapi?

MWENYE PROGRAMU: Siwezi kutaja hapa mbele za watu kabla sijaona…

MFANYABIASHARA: Haya.

MWANABENKI: Mumsikilize vizuri. Hata yeye anakopa anachokukopesha, Mama, na wanaomkopesha wanataka faida. Taarifa nyingi zinapunguza hatari ya kukosea mtu. Haziteremshi bei ya pesa yenyewe.

MWENYE PROGRAMU: Zinapunguza sehemu ya bei, na sehemu hiyo si ndogo. Mikopo ya simu ni ghali kwa kuwa mkopeshaji anawapima watu gizani. Anayelipa anamlipia asiyelipa. Orodha ya CRB, ofisi za kumbukumbu za mikopo, inamwambia mkopeshaji nani aliwahi kuteleza zaidi kuliko inavyomwambia nani anaamka saa kumi usiku kila siku na kuuza. Mama ana ushahidi wa aina hiyo ya pili. Hauna pa kwenda.

MFANYABIASHARA: Sasa ngoja niwaulize nyote wawili. Benki inaona ninachohifadhi jioni. Aliyeona mauzo yenyewe, mteja mmoja mmoja, saa kwa saa, siku ya mvua na siku ya mshahara, ni kampuni ya simu. Ninapolipa mzigo, anaona. Ninapotuma nyumbani Bungoma, anaona. Ninapokwama nikaingia kwenye Fuliza, anaona na ananitoza. Tangu tuanze, mnasema benki ifungue, benki isifungue. Huyu mwingine hafunguliwi?

MWANABENKI: Hilo ni suala pana, lina wasimamizi wake…

MWENYE PROGRAMU: Lina ugumu wake wa kiufundi…

MWANDISHI: Naomba msomaji aangalie waliotafuna maneno hapa. Mmoja anakopesha kupitia simu, mwingine programu yake haitembei bila lango la kampuni hiyo hiyo. Mama peke yake ndiye hana mkataba nayo wa kuogopea. Naendelea kunyamaza.

WAKILI: Mama ameshika jambo ambalo mijadala ya Ulaya haitusaidii kulijibu. Uingereza walipofungua benki, walikuwa wamefungua mahali maisha ya kifedha ya watu yalipo. Hapa, Safaricom inashika takriban tisa ya kumi ya soko la pesa za simu. Tukiiga sheria yao neno kwa neno, tutakuwa tumefungua chumba chenye nusu ya hesabu na kuacha kimefungwa chenye hesabu yote. Benki Kuu inalijua hilo. Mitandao ilianza kupeana pesa 2018, na tangu 2022 mwenye Airtel Money anaweza kumlipa mwenye namba ya Lipa na M-Pesa. Pesa zinavuka. Kumbukumbu za pesa bado.

MWANABENKI: Kama ni hivyo, na mimi nasema: nitafungua siku kampuni za simu zitakapofungua. Siyo kabla.

MWENYE PROGRAMU: Na wao watasema watafungua siku benki zitakapofungua, na Mama ataendelea na River Road.

MFANYABIASHARA: Mimi sijawahi kwenda River Road!

MWENYE PROGRAMU: Samahani, Mama. Nilimaanisha kushukiwa.

WAKILI: Kabla hatujafungua chochote, nina wasiwasi ambao hamjaugusa. Mnasema "ridhaa" kana kwamba ni neno jepesi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema anayetumia taarifa ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kwamba mtu anaweza kuiondoa wakati wowote. Sawa. Lakini ridhaa ya mtu aliye kwenye matatu na mtoto wa karo ni ridhaa gani? Akikataa hapati mkopo. Kesho kila mkopeshaji atadai miaka mitatu ya miamala kabla hata ya kukusalimu, na asiyetoa ataonekana ana la kuficha.

MWENYE PROGRAMU: Hata fomu ya benki ya mwaka 1990 ilikuwa hivyo. Hutaji mshahara, hupati mkopo.

WAKILI: Fomu ya 1990 iliuliza mshahara. Miamala inasema zaidi ya mshahara. Fungua ya mtu yeyote hapa: sadaka na inaenda kanisa gani au msikiti gani. Hospitali, na kama ni ya kina mama au ya saratani. Kampuni ya kamari. Chama cha siasa. Yule mtu anayetumiwa elfu mbili kila Ijumaa usiku. Mkopeshaji wa sweta anahitaji kujua hayo?

MWENYE PROGRAMU: Hahitaji. Anahitaji jumla ya mauzo kwa wiki, kupanda na kushuka kwake, na madeni mengine. Hata mimi sitaki majina. Majina ni mzigo, yakivuja ninashtakiwa. India waliliona hilo. Tangu 2021 wana kampuni zenye leseni ambazo kazi yao ni kubeba ruhusa na kupitisha taarifa zikiwa zimefumbwa; zenyewe haziruhusiwi kuzisoma wala kuzihifadhi. Ruhusa inaandikwa: taarifa gani, kwa sababu gani, hadi tarehe gani. Ikiisha, imekwisha.

WAKILI: Na simu ya bei nafuu isiyo na intaneti? Nusu ya soko la Mama ndiyo wanayotumia.

MWENYE PROGRAMU: Kwa USSD, kama tunavyofanya kila kitu. Piga, chagua mkopeshaji, chagua miezi, weka namba ya siri.

MFANYABIASHARA: Kwa Kiswahili?

MWENYE PROGRAMU: Kwa Kiswahili.

MFANYABIASHARA: Andikeni hilo.

MWANABENKI: Tumefika kwenye pesa, basi tuzungumze pesa. Lango hilo litakaa kwangu, litahitaji ulinzi saa zote, litashambuliwa, litaulizwa maswali maelfu kwa dakika na kampuni nisizozijua. Nani analipa? Mwaka 2025 JPMorgan Chase, benki kubwa kuliko zote Marekani, ilizitangazia kampuni zinazokusanya taarifa za wateja kwamba zitalipia. Walipiga kelele, halafu kampuni kubwa kati yao ikakaa chini ikakubali. Kwa nini hapa iwe dhambi?

MWENYE PROGRAMU: Kwa sababu bei ukiiweka wewe, utaiweka mahali ambapo mimi sifiki. Kubwa zitalipa, vijana watafunga. Miaka miwili baadaye utasema soko lenyewe limekataa.

MWANABENKI: Na bei ikiwa sifuri, mimi ndiye ninayefunga lango kimya kimya. Litakuwa linakatikakatika kila Jumatatu, wahandisi wangu "wanashughulikia". Usiniangalie hivyo, unajua hufanyika.

WAKILI: Angalau umesema kweli. Bei iwe ile iliyowekwa na msimamizi, ya kufidia gharama, wazi kwa wote. Na kukatika kwa lango kuhesabiwe na kutangazwa kila mwezi, benki kwa benki. Sasa lile la mwisho. Pesa za Mama zikiibwa kupitia programu iliyoruhusiwa, anamwendea nani?

MWENYE PROGRAMU: Aliyekosea.

MFANYABIASHARA: Nitajuaje aliyekosea? Nyinyi wenyewe mtakuwa mnarushiana barua pepe.

WAKILI: Ulaya walijibu hivi: benki iliyoshika akaunti inamrudishia mteja kwanza, haraka, kisha inamdai mwenye programu kama kosa ni lake.

MWANABENKI: Mimi kwanza. Kila mara mimi kwanza.

WAKILI: Wewe ndiye ambaye Mama anajua mlango wako ulipo, akija na risiti yake. Yule mwenye programu ofisi yake iko ghorofa gani?

MWENYE PROGRAMU: Ya sita. Lakini nakubali: kila anayepewa leseni ya kusoma au kugusa akaunti awe na bima ya kulipa anapodaiwa. Bila bima, hakuna leseni. Itawaondoa wengi wa wenzangu na sitalia.

MWANABENKI: Ukinipa hiyo bima, na bei ya kufidia gharama, na kampuni za simu zikaingia siku ile ile, nitarudi kwa bodi yangu na maneno tofauti. Sijasema nimekubali. Nimesema nitarudi.

MFANYABIASHARA: Bodi ikae lini? Baridi ya Juni haisubiri bodi. Nimesikia India, nimesikia Uingereza na Marekani. Mimi nitafanya nini kesho asubuhi nikifungua kibanda?

WAKILI: Utaandika barua. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Kulinda Data kinakupa haki ya kupokea taarifa zako kwa mpangilio ambao kompyuta nyingine inaweza kuusoma, na haki ya kutaka zihamishiwe kwa mwingine unayemtaja, moja kwa moja pale inapowezekana kiufundi. Kifungu hakisemi benki, hakisemi simu; kinasema yeyote anayeshika taarifa zako. Kinaruhusu gharama ya kiasi. Kimekuwa sheria tangu Novemba 2019, na ni wachache sana waliowahi kukitumia, ndiyo maana hawa wawili wamebishana hapa kana kwamba hakipo.

MWANABENKI: "Inapowezekana kiufundi." Hayo maneno mawili yatafanya kazi kubwa.

WAKILI: Yatafanya, na ndiyo maana nataka barua nyingi, ili Kamishna alazimike kuamua yana maana gani. Mtu mmoja akiandika atajibiwa kwa upole. Wakiandika wauza mitumba elfu moja wa Gikomba, kuna mtu itabidi ajenge lango.

MFANYABIASHARA: Naandika kwa benki au kwa kampuni ya simu?

WAKILI: Kwa zote mbili. Barua mbili, nakala moja moja ubaki nazo, zipigwe muhuri wa kupokelewa. Wana siku 30 za kujibu. Wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data, na kupeleka malalamiko ni bure.